Gari Jekundu na Nta ya Baba

Mtu wa kwanza niliyempiga kwa sababu ya polishi ya gari alikuwa mume wa abiria wangu, na kwa haki kabisa yeye ndiye aliyestahili kunipiga mimi. Mkewe alivaa gauni jeupe la kusimamia harusi. Aliposhuka kanisani aliegemea mlango wa gari kidogo tu, anarekebisha kiatu, na alipoinuka ubavu mzima wa gauni ulikuwa mwekundu kama mtu aliyelalia kuku aliyechinjwa. Asubuhi ile nilikuwa nimelipaka gari polishi ya sakafu, kwa sababu ilikuwa rahisi, ilikuwa nyekundu, na gari langu lilikuwa jekundu. Mume akaniuliza mimi ni mpumbavu wa aina gani. Nilimjibu kwa ngumi ya pua, mbele ya maharusi, wapiga tarumbeta na mchungaji.

Damu yake ilidondokea shati, kwa hiyo siku hiyo nguo mbili ziliharibika. Dada yangu ndiye aliyezilipia zote mbili.

Mimi ni mtu wa mkono mwepesi. Zamani nilikuwa nalisema jambo hili kwa kujisifu. Nilipigwa sana nyumbani, nikapiga sana shuleni, na nilipopata kazi ya udereva katika shirika la umma hapa Dodoma niliendelea kupiga, ila sasa nikiwa na sare. Ilipofika miaka ile ya mashirika kuuzwa na watu kupunguzwa kazini, karatasi ilibandikwa ubaoni na jina langu lilikuwa la kwanza. Niliwaambia watu kwamba ni mageuzi ya uchumi. Ukweli ni kwamba wiki moja kabla nilikuwa nimemzaba kofi mtunza stoo mpaka miwani yake ikaenda kuangukia kwenye pipa la oili chafu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka minne. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, mwanamke wa kusimama kutwa nzima kati ya madalali na utingo wa malori na bado sauti yake ndiyo ikasikika. Magari yaliyotumika yalipoanza kuingia kwa wingi kutoka Japani, alinunua moja, dogo, jekundu la kuiva kama nyanya, akaniletea niliendeshe teksi. Nilikuwa nimekaa nyumbani bila kazi muda mrefu, nimekonda, nimeshaanza kugombana na majirani kwa ajili ya kuku. Alinipa funguo na masharti mawili, akiyahesabu kwa vidole mbele ya uso wangu.

“Gari nalitaka hivi hivi unavyoliona. Na huo mkono wako ukae mfukoni. Ukiweza mwaka mzima, kadi ya gari naiandika jina lako, linakuwa lako kabisa. Ukishindwa, mdogo wangu, nachukua funguo, unakwenda kulima Mkonze na baba.”

Alijua anachosema. Kwenda kulima Mkonze na baba kwangu ilikuwa sawa na kufungwa. Baba yetu aliishi pembeni kabisa mwa Mkonze, ambako mji ulikuwa haujafika, akilima uwele na kufuga nyuki kwenye mizinga ya magogo. Nyuki aliwashika kwa mikono mitupu, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za kanisani. Sisi wanawe alitushika kwa fimbo. Nilitoroka nyumba ile nikiwa na miaka kumi na saba, mgongo umevimba, na niliapa sitarudi kuishi chini ya mtu yule.

Kwa hiyo kila nilipoliangalia gari, nilikuwa naangalia jina langu kwenye ile kadi.

Sasa, jua la Dodoma halina huruma na rangi nyekundu. Magari meupe yanavumilia, hata ya bluu yanajitahidi, lakini jekundu likisimama kijiweni bila kivuli miezi michache linaanza kufa kutoka juu. Kwanza mng'aro unapotea kwenye paa. Halafu boneti linapauka. Halafu ukipitisha kidole kinatoka na unga mwekundu, kama chaki. Juu ya hayo kuna upepo wetu, ambao unabeba mchanga na kuusugua kwenye gari kutwa kucha. Miezi mitatu tu, na ile nyanya ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya matofali.

Madereva wenzangu kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja alifuta gari kwa dizeli. Liling'aa mpaka saa nne, halafu vumbi lote la barabarani likaganda juu yake kama unga kwenye andazi. Mwingine alitumia mafuta ya nazi, na gari lake lilinuka kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mwingine aliyeyusha mishumaa, akaipaka, ikakauka mabakamabaka meupe ambayo alikuja kuyakwangua kwa kucha wiki nzima. Polishi ya sakafu mmeshasikia ilivyoniponza.

Ilikuwepo polishi ya kweli. Duka moja la vipuri karibu na stendi lilileta makopo ya bluu kutoka nje, nta ngumu ya kupaka kwa kitambaa, na aliyenionjesha kidogo kwenye madigadi alikuwa dereva wa ofisi moja ya wageni. Siku arobaini baadaye maji yalikuwa bado yanakimbia juu ya madigadi ile kama shanga. Nililipenda kopo lile kama watu wanavyopenda viwanja. Lakini bei yake ilikuwa ya gari la ofisi, si ya teksi, na mimi nilitaka kitu cha kudumu kwa bei ya mtu wa kawaida.

Ndipo akaja mmachinga na sanduku lake kichwani. Makopo yale yale ya bluu, picha ile ile ya gari, nusu ya bei. Nilinunua nikicheka. Nikapaka boneti, nikasugua kwa nguvu zangu zote kama nilivyozoea kufanya kila kitu, na tambara likarudi jekundu. Nikadhani ni uchafu. Nikaongeza. Niliposimama kupumua niliona katikati ya boneti kiraka cha kijivu, kikubwa kama sahani. Ndani ya kopo lile hamkuwa na nta hata kidogo. Ilikuwa ni dawa ya kung'arishia masufuria, au mchanga uliokorogwa na mafuta, Mungu ndiye anayejua.

Nilimpata yule mchuuzi siku ya tatu, sokoni, anauza makopo mengine. Sikumsalimia. Nilichukua kopo moja kwenye sanduku lake nikampiga nalo juu ya jicho. Nyusi ikapasuka. Alianguka juu ya mafungu ya nyanya za mama mmoja, na mimi nikamfuata pale pale chini, nikampiga kwa mkono wa kulia, nikampiga kwa wa kushoto, na nakumbuka vizuri kwamba aliacha kujikinga kabla sijaacha kupiga. Mama wa nyanya alinipiga na mizani mgongoni ndipo nikasimama. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba yule mchuuzi mwenyewe aliuziwa katoni nzima imefungwa, na hakujua kilichomo. Nilipoambiwa, niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani, lakini nyusi yake ilikuwa imeshashonwa.

Dada alikuja kutoka Kibaigwa amepanda mbele kwenye lori la mahindi, bado ana vumbi la pumba kichwani. Alinitoa kituo cha polisi, halafu hakunipeleka nyumbani. Alinipeleka hospitali, akanisimamisha mbele ya kitanda cha yule mchuuzi, akasema, “Mwangalie.” Nilimwangalia. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limepotea ndani ya nyama. Tulikaa pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Nje, kwenye ngazi, aliniambia bila kupaza sauti, na dada yangu asipopaza sauti ujue mambo yameharibika.

“Ya harusini nilikusamehe, na leo sikunyang'anyi kwa sababu namhurumia mkeo. Mwanangu anapata kipaimara baada ya Pasaka. Chakula tutakula kwa baba. Siku hiyo nitaliangalia gari, na kabla ya hapo nitakuwa nimeulizia watu wa kijiweni habari za mkono wako. Vyote viwili vikiwa salama, kadi nitakuwa nayo kwenye mkoba. Kimoja kikiharibika, unabaki huko huko Mkonze. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, dada.”

Fundi rangi alipulizia kile kiraka, na baada ya hapo nikawa na boneti jipya, paa la kupauka, na miezi miwili ya kuyafanya yafanane. Hapo ndipo nilipoanza kuwaza juu ya nta ya nyuki.

Nilikuwa na sababu nzuri. Baba alikuwa na kigoda alichokipaka nta kabla mimi sijazaliwa, na hadi nakua, maji yalikuwa yanateleza juu yake. Kigoda kile kilikaa uani, kwenye jua na mvua, kikakaliwa na kila mgeni. Nikajiambia, kama unatafuta kitu cha bei rahisi kinachodumu, kitu chenyewe kiko kwenu.

Na nta nilikuwa naijua. Kila mwaka, kabla ya msimu wa nyuki kuhama, baba alitupa kazi ya kuipaka mizinga mitupu. Tulichukua nta nyeusi ya masega ya zamani, tukaipasha moto, tukaisugua ndani ya gogo na kuzunguka tundu la kuingilia. Kundi la nyuki linalotafuta makao linasikia harufu ile kutoka mbali na kuingia lenyewe. Mwaka mmoja nilimwaga chungu kizima cha nta iliyoyeyuka, na baba alinipiga kwa fimbo mpaka akabadilisha mkono. Haya yote nilikuwa nayajua. Nayaandika mapema ili mwone nilivyokuwa na kichwa kikubwa kisicho na kitu.

Nilikwenda Mkonze siku ya kazi, asubuhi. Baba alikuwa uani anachonga kifuniko cha mzinga.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umefukuzwa tena?”

“Hapana, baba. Naomba nta. Kipande tu.”

“Ya nini?”

Hapo ndipo nilipodanganya. Baba alikuwa hajalisamehe lile gari. Alitaka dada anunue ng'ombe, na siku gari lilipokuja alilizunguka mara moja, akasema kitu hiki hakizai wala hakikamuliwi, akaingia ndani. Kumwambia kwamba sasa nimekuja kumwomba nta ya kulipaka kungekuwa sawa na kumpelekea fimbo mkononi.

“Kuna fundi viatu mjini ameniagiza. Anapakia nyuzi.”

Aliingia ndani akatoka na bonge jeusi, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, akalinusa kabla ya kunipa.

“Hii ndiyo yenye nguvu. Mwambie aifunike vizuri. Juani inaita.”

“Nitamwambia,” nikasema, na nikaondoka nikifurahi kwamba nimempunja mzee.

Niliipika nyumbani, sufuria ndani ya sufuria, maji chini na nta juu, nisije nikaunguza nyumba. Nikaichuja kwa kipande cha kanga. Nikaongeza mafuta ya taa na tapentaini kidogo ya mafundi rangi, nikakoroga mpaka ikawa laini kama siagi. Kopo lile la mchuuzi lilikuwa limenifundisha jambo moja: kusugua kwa hasira ni kuua rangi. Kwa hiyo niliosha gari kwa maji matupu, bila sabuni ya unga, nikaliingiza kivulini, nikapaka kipande kimoja kimoja, tabaka jembamba, nikangoja lififie kidogo, nikafuta kwa fulana kuukuu kwa mviringo, taratibu. Sehemu moja tu sikupaka tabaka jembamba: kwenye ukingo wa mlango wa buti, ambako kutu ilikuwa inaanza, nilishindilia nta nene ndani ya ufa wote.

Ndugu zangu, lile gari liling'aa. Mvua ilipiga na maji yakasimama matone matone, yakateremka, yakaacha rangi kavu. Vumbi lilitoka kwa tambara kavu. Wiki tatu, nne, tano, bado. Wenzangu walinizunguka wakitaka kujua nimepaka nini, nikawaambia ni siri ya ukoo. Hawakupenda. Na walipojua habari ya masharti ya dada, wakaanza kunichokoza makusudi. Mmoja alinitemea mate karibu na kiatu. Mwingine alimtaja mke wangu kwa namna ambayo siwezi kuirudia hapa. Nilisimama nimetia mkono mfukoni, nimeshika lile tambara la nta, nalikamua mpaka vidole vinauma. Ndani kabisa nilikuwa naona damu yao, nilikuwa naona meno yao chini, lakini mkono haukutoka. Nilijivunia jambo lile kuliko mng'aro.

Nyuki mmoja mmoja walianza kuja kijiweni. Wawili, watatu, mchana kweupe kukiwa na joto, wananusa kwenye buti na kuondoka. Niliwaua kwa tambara bila kufikiri.

Siku ya kipaimara ilikuwa Jumapili ya jua kali, mvua imekatika siku chache tu, maua ya porini yamejaa. Nilimchukua dada na mwanawe kanisani, nikawapeleka Mkonze. Uani kwa baba palikuwa na turubai, masufuria, jamaa na majirani, na mbuzi mmoja aliyebaki amefungwa kwenye mti wa uzio kwa ajili ya jioni. Niliegesha kando ya nyumba, juani, kwa sababu kivuli chote kilikuwa na watu, na pia, niseme kweli, nilitaka lionekane.

Baada ya kula dada alikuja peke yake. Alilizunguka gari. Alipitisha kiganja juu ya boneti, akakigeuza, akakitazama: kisafi. Akachukua kikombe cha maji akamwagia paa na kuyaangalia yanavyokimbia.

“Umepaka nini hii?”

“Siri, dada.”

“Nimewauliza wenzako. Wanasema wamekutukana mpaka wamechoka.” Alicheka, na macho yake yalikuwa na machozi. Akafungua mkoba, akaitoa ile kadi ndani ya mfuko wake wa nailoni. “Ngoja nimwite baba ashuhudie.”

Akageuka kuelekea nyumbani, na hapo niliusikia. Mvumo mnene, kama lori la mahindi linapanda kilima mbali. Nilitazama juu na kuona wingu la kahawia linateremka juu ya uzio, likazunguka mara mbili, likaanza kukaa kwenye buti ya gari langu. Waliingia kwenye ule ufa nilioushindilia nta. Waliobaki walining'inia kwenye bampa, tabaka juu ya tabaka, mpaka namba ya gari ikafichika.

Nilijua la kufanya. Mimi ni mtoto wa mfuga nyuki, nilijua kuliko wote waliokuwa pale. Kundi linalohama halina ugomvi na mtu. Ukiliacha linatulia, ukimwita mwenye kujua analiweka kwenye kikapu kama mboga. Nilichotakiwa ni kusimama tu.

Lakini dada alikuwa ameshageuka na kuona. Watu walikuwa wanainuka. Mtu mmoja akacheka kwa sauti, akasema gari limekuwa mzinga, na watu wengi wakacheka naye. Matusi yote niliyoyameza kijiweni yalinipanda kichwani kwa mara moja. Nikanyakua gunia tupu la mahindi lililokuwa ukutani na kuwapiga nyuki nalo kwa nguvu zangu zote.

Sijui jinsi ya kueleza kilichofuata ila kwa kusema kwamba hewa ilibadilika. Nyuki waliopondwa wanatoa harufu, na harufu hiyo inaita vita. Walinijia usoni kama changarawe iliyorushwa kwa koleo. Walikuwa masikioni, puani, ndani ya shati. Turubai lilianguka. Watu walikimbia wakikanyagana, sufuria la wali likapinduka, wanawake wakafunika watoto kwa kanga na kujitupa ndani ya nyumba. Mbuzi alikuwa amefungwa na hakuwa na pa kwenda. Alipiga kelele mara nyingi, akaruka mpaka kamba ikamkaba, akaanguka, na mwili wake ukawa mweusi kwa nyuki. Nilimwona dada amepiga magoti, anajipiga kichwani kwa mkoba. Na mimi sikukimbia. Niliendelea kupiga na lile gunia, natukana, nalia, napiga bampa, napiga buti, kila pigo linawaongezea hasira.

Ndipo nikaona moto. Mtu alikuwa anakuja kutoka nyuma ya nyumba na kienge cha nyasi kinachowaka na kutoa moshi, anakielekeza nyuma ya gari, pale pale penye tangi la petroli. Niliachia gunia. Nilimpiga ngumi ya taya kwa uzito wa mwili wangu wote, na nilisikia mfupa.

Alikuwa baba. Alikuwa amekuja na moshi wa kuwatuliza nyuki, mwendo wake ule ule wa taratibu, mikono mitupu, shati halijafungwa vifungo.

Alianguka chali. Kofia ilitoka. Halafu mzee yule, mdomo umepinda na damu inamtoka hadi kifuani, alijigeuza, akatambaa mpaka kwenye kienge kilichoanza kuunguza nyasi, akakizima moto kwa kiganja akabakiza moshi, akakipeleka chini ya bampa. Sikusogea. Alikaa pale kwa magoti akipuliza moshi, anatema damu, anapuliza tena, na hewa ikaanza kutulia. Baadaye alitia mkono kwenye ufa wa buti, akachota nyuki kwa mikono na kuwaweka kwenye kikapu, konzi baada ya konzi. Aliponusa vidole vyake aliacha kidogo. Alinusa tena. Akanitazama, na nikajua ameijua nta yake.

Jioni ile ile kabla jua halijazama walimlaza kwenye mkeka akisubiri gari la kumpeleka hospitali, maana langu hakuna aliyethubutu kulifungua. Taya ilikuwa imevunjika na meno mawili yametoka. Mimi nilikuwa nimekaa chini, uso umevimba kama kibuyu, watu wananichomoa miiba. Dada alisimama juu yangu. Midomo yake ilikuwa imevimba pia. Kadi ilikuwa bado mkononi, imekunjamana ndani ya nailoni yake.

“Nakuuliza mara moja,” alisema. “Ulimwona kwamba ni baba?”

Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza. Sauti ilitoka kwenye mkeka, nzito, ya mtu anayeongea amejaza mdomo.

“Hakuona. Macho yalikuwa yamefumba.”

Dada alinitazama mimi.

“Sikuona, dada,” nikasema.

Dada aliinama, akaweka kadi juu ya paja langu, akaenda kukaa na baba.

Gari lile nililiendesha miaka kumi na moja likiwa na jina langu. Sikulipaka tena nta ya aina yoyote. Lilipauka likawa rangi ya matofali, halafu rangi ya waridi, halafu rangi isiyo na jina, na abiria walinitania, na mkono wangu ulibaki mfukoni. Sijampiga mtu tangu siku ile. Madereva vijana wakiniuliza polishi gani ni rahisi na inadumu, nawaambia wachange watatu wanunue kopo moja la kweli, wapake jembamba, kivulini, litawatosha msimu mzima. Nyuki siwataji.

Baba aliishi miaka sita zaidi. Taya iliunga vibaya. Mahindi ya kuchoma aliyokuwa anayapenda hakuyala tena, na ugali aliutafunia upande mmoja wa mdomo. Hakuwahi kunigusia habari ile. Ila kila mwaka mvua zikiisha alikuwa anamtuma mtu mjini na bonge la nta nyeusi limefungwa vizuri kwenye gazeti, na salamu zile zile: mpelekee fundi viatu wako. La mwisho ninalo hadi leo.

Watu walioniona siku ile wanakumbuka uso uliovimba wote, na ni kweli, kufika jioni ulikuwa umevimba wote. Lakini wakati ule nyuki walikuwa wamenifunga jicho la kulia tu. La kushoto lilikuwa wazi. Nilimwona baba akitokea nyuma ya nyumba, nikamjua kwa kofia, nikamjua kwa mwendo, nikaona kienge na nikajua kienge ni cha nini, kwa sababu nilikuwa nimembebea kienge kama kile utoto wangu wote. Sijui kama nililipigania gari au nilikuwa narudisha fimbo za miaka ile. Mkono ulikwenda. Na yeye, kabla ngumi haijamfikia, alikuwa ananitazama kwenye jicho hilo hilo.